Duka la Wanachama Litasimamaje Mbele ya Duka Kubwa?

Ndugu msomaji, pengine mtaani kwako au mahali pako pa kazi liliwahi kuwako duka la ushirika. Mimi pia niliwahi kuwa mwanachama wa duka la namna hiyo katika nyumba za wafanyakazi nilikokuwa nikiishi na jamaa yangu. Tulilianzisha kwa hisa zetu wenyewe, zilizokatwa katika mishahara, na siku lilipofunguliwa akina mama walipiga vigelegele. Lakini duka lile lilikuwa likifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, yaani saa zile zile ambazo wenye duka walikuwa kazini. Sukari ilipoletwa ilikwisha kabla hatujarudi. Katika mkutano mkuu wa mwaka wa pili hesabu hazikusomwa. Tuliambiwa kwamba mtunza vitabu ni mgonjwa. Mwaka wa tatu mlango ulitiwa kufuli. Stakabadhi ya hisa yangu ninayo hadi leo, imo sandukuni pamoja na vyeti vya watoto.

Wengi wetu tulitoka hapo tukisema kwamba ushirika haufai na kwamba biashara ina wenyewe. Kwa muda mrefu nami nilisema hivyo. Hata hivyo, zipo nchi ambamo maduka ya wanachama yamepambana na wafanyabiashara wakubwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mengine yakaanguka na mengine yakasimama. Inafaa tuitazame habari yao kwa makini, kwa sababu leo katika miji yetu duka kubwa la kujihudumia lipo jirani, bidhaa zinaagizwa kwa simu, na mshahara haukui upesi kama bei. Swali lenyewe ni hili: duka la ushirika likitaka kuishi katika ushindani huo, libadili kitu gani, na kitu gani lisikiguse kamwe?

WAFUMAJI WA ROCHDALE

Tuanze mahali ambapo wanaushirika wa dunia nzima hupenda kuanzia. Rochdale ni mji wa viwanda karibu na Manchester, huko Uingereza. Usiku wa tarehe 21 Desemba 1844, watu wa mji huo, wengi wao wakiwa wafumaji wa nguo za sufu, walifungua duka katika chumba cha chini cha jengo la bohari, mtaa wa Toad Lane. Kwa desturi huhesabiwa kuwa walikuwa 28, na mtaji wao ulikuwa pauni 28, zilizokusanywa kwa peni chache kila wiki. Bidhaa walizoanza nazo zilikuwa ratili 28 za siagi, ratili 56 za sukari, unga wa ngano upatao kilo 300, gunia moja la oti za uji, na mishumaa. Watoto wa mtaani waliwazomea.

Ili kufahamu kwa nini watu maskini walijitia katika taabu hiyo, yafaa kujua hali ya maduka ya wakati ule. Wenye maduka waliongeza chaki katika unga, na majani ya chai yaliyokwisha kutumiwa yalikaushwa yakauzwa tena. Mfanyakazi aliyekopa alifungwa na daftari la mwenye duka. Hakuweza kulalamikia bidhaa mbovu kwa sababu alikuwa na deni. Kwa hiyo watu wa Rochdale walijiwekea kanuni chache: bidhaa ziwe safi na mizani iwe ya haki, kununua ni kwa fedha taslimu, kila mwanachama ana kura moja bila kujali wingi wa hisa zake, na ziada inayopatikana mwisho wa kipindi irudishwe kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Baada ya miaka michache wakaanza pia kutenga sehemu ya ziada kwa ajili ya elimu. Kufikia mwaka 1850 walikuwa wanachama 600, na kufikia mwaka 1860 walikuwa wamepita 3,000.

Hiyo kanuni ya kurudisha ziada ndiyo iliyoingia katika maisha ya jamaa za wafanyakazi wa Uingereza. Kila mwanachama alikuwa na namba yake, na mtoto aliyetumwa dukani aliitaja namba ya mama yake ili ununuzi uandikwe. Wapo wazee wa huko ambao wamesahau mengi, lakini namba ile hawajaisahau. Fedha za mgawo zilinunua viatu vya watoto na makaa ya mawe ya majira ya baridi. Mama hakuhitaji kujinyima ili kuweka akiba. Kila aliponunua mkate, akiba ilijiweka.

Tena walitambua mapema kwamba duka moja dogo haliwezi kubishana na wenye bidhaa za jumla. Mwaka 1863 vyama vingi vya kaskazini ya Uingereza viliungana kuanzisha chama chao cha ununuzi wa jumla, makao yake yakiwa Manchester. Chama hicho baadaye kilimiliki hata viwanda vya biskuti, sabuni na viatu. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ushirika hauwezi biashara kubwa.

PIGO LA DUKA KUBWA

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yakaanza kugeuka. Jambo la kushangaza ni kwamba mwanzoni vyama vya ushirika ndivyo vilivyokuwa mbele katika mtindo mpya wa kujihudumia, yaani mnunuzi kuchukua bidhaa mwenyewe rafuni na kulipa mlangoni. Chama cha ushirika cha London kilijaribu mtindo huo mwaka 1942, wakati wa vita, kwa sababu ya upungufu wa wauzaji. Ushirika haukushindwa, basi, kwa kukosa maarifa ya mambo mapya.

Ulishindwa kwa mambo mengine mawili. La kwanza lilikuwa utengano. Vyama vilikaribia 1,000, kila kimoja na halmashauri yake, meneja wake na bohari lake, na vingi havikununua kwa pamoja ingawa chama chao cha jumla kilikuwapo. Tume huru iliyoongozwa na mwanasiasa Hugh Gaitskell ilitoa taarifa mwaka 1958, ikashauri vyama viungane vibaki kama 200 au 300. Viongozi wengi hawakutaka kuacha viti vyao, na muungano ulikwenda polepole mno.

La pili lilikuwa bei. Mwaka 1964 sheria iliondoa mamlaka ya wenye viwanda ya kuwapangia wauzaji bei ya rejareja. Hapo maduka makubwa ya kampuni, kama Tesco, yakapunguza bei palepale rafuni. Ndugu msomaji, jiweke mahali pa mama yule. Tuseme nyumba yako inatumia shilingi 150,000 kwa mwezi kwa vyakula na sabuni, yaani 1,800,000 kwa mwaka, na duka lako la ushirika linarudisha asilimia 3. Mwisho wa mwaka utapata shilingi 54,000, na hiyo si fedha ya kudharau. Lakini duka la jirani likikupunguzia asilimia 5 leo hii, utangoja mgawo wa asilimia 3 hadi mwisho wa mwaka? Wengi hawakungoja. Ushirika ukajaribu kutoa stampu za mgawo badala ya kuandika namba, lakini duka lililokuwa likijivunia kuwarudishia watu fedha zao likawa linaiga stampu za washindani wake. Sehemu yake katika biashara ya vyakula nchini ikazidi kupungua.

KUIGA KUPITA KIASI

Kuna njia nyingine ya kuanguka, nayo ni kutaka kuwa kama mshindani kwa kila kitu. Kundi kubwa la ushirika la Uingereza, linaloitwa Co-operative Group, mwaka 2009 lilinunua maduka ya kampuni ya Somerfield kwa zaidi ya pauni bilioni moja na nusu. Mwaka huo huo benki yake iliungana na chama kikubwa cha mikopo ya nyumba kilichokuwa na madeni mabaya ndani yake. Mwaka 2013 pengo la kiasi cha pauni bilioni 1.5 liligunduliwa katika benki ile, na Kundi likatangaza hasara ya pauni bilioni 2.5 kwa mwaka huo mmoja. Wanachama waliambiwa mambo yakiwa yamekwisha haribika. Benki ikatoka mikononi mwao, na mwaka 2014 yakauzwa mashamba na maduka ya dawa ili kuziba madeni.

Lililotokea baadaye ndilo la kujifunza. Mwaka 2014 wanachama walipiga kura kuubadili uongozi, ili bodi iwe na watu wanaojua biashara kwelikweli, nao wanachama wakabaki na haki ya kura. Pia Kundi liliacha kushindana kwa ukubwa wa majengo. Likauza maduka makubwa kadhaa, likaelekea kwenye maduka madogo ya mitaani ambayo mtu huweza kuyafikia kwa miguu akitoka kazini. Kwa maneno mengine, lilirudi mahali ambapo mshindani mkubwa haoni raha kuja. Leo wanachama wake wanazidi milioni 6.

Yapo pia mambo ambayo Kundi halikuyauza hata katika shida. Mwaka 2002 liliamua kwamba chokoleti yote yenye jina lake, na mwaka 2003 kahawa yote yenye jina lake, inunuliwe kwa utaratibu wa biashara ya haki, ambao humhakikishia mkulima bei ya chini isiyopunguzwa na nyongeza kwa ajili ya kijiji chake. Utaratibu huo unatugusa, kwa kuwa KNCU cha Kilimanjaro na KCU cha Kagera ni miongoni mwa vyama vilivyouza kahawa katika soko la namna hiyo. Mnunuzi wa huko na mkulima wa hapa wakakutana, kila mmoja akiwa ndani ya ushirika wake.

MAREKANI: MAMBO MAWILI TOFAUTI

Huko Marekani, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, kulikuwa na ushirika wa walaji ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Ulisifiwa sana. Ulikuwa na wataalamu wa maarifa ya nyumbani waliowaeleza akina mama habari za lishe na bei, na wanachama walifikia zaidi ya 100,000. Lakini katika miaka ya 1970 ulichukua maduka mengine yaliyokuwa yakidhoofika, mbali na wanachama wake wa asili, na humo ukapata hasara. Wakati huohuo viongozi walikuwa wakigombana katika vikao. Mwaka 1988 ukafungwa. Wanachama 100,000 hawakuuokoa, kwani wengi walikuwa wanachama kwa kadi tu na mkutanoni hawakuonekana.

Sasa linganisha na duka la ushirika la Park Slope, mtaa wa Brooklyn mjini New York, lililoanzishwa mwaka 1973. Limekataa kufungua matawi. Anayenunua ni mwanachama peke yake, na kila mwanachama mtu mzima hufanya kazi dukani zamu ya saa 2 na dakika 45 kila baada ya wiki kadhaa: kupanga mboga, kukaa kwenye sanduku la fedha, kufagia stoo. Asiyetimiza zamu husimamishwa kununua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wenye duka, nyongeza ya bei juu ya gharama huwa ndogo. Utaratibu huo ni mgumu, na wapo wanaoulalamikia, lakini katika mji wenye maduka makali kuliko yote duka lile limesimama kwa zaidi ya miaka 50.

WANACHAMA WALIPOULIZWA

Mfano mwingine unatoka Uswisi. Mwaka 1925 Gottlieb Duttweiler alianza kuuza bidhaa sita kwa magari matano yaliyozunguka mitaani: kahawa, mchele, sukari, tambi, mafuta ya nazi na sabuni. Biashara hiyo, iitwayo Migros, mwaka 1941 aliigeuza kuwa ushirika, naye akaweka kanuni kwamba maduka yake yasiuze pombe. Washindani wote wanauza, na pombe ina faida nzuri. Basi mwaka 2022 wanachama wa vyama vyake 10 vya mikoa waliulizwa kwa kura kama kanuni hiyo iondolewe. Vyama vyote 10 vilikataa.

Msomaji mwenye macho atasema kwamba Migros ina kampuni nyingine, Denner, ambayo huuza pombe. Ni kweli, na wapo wanaoona kwamba hapo kuna unafiki. Lakini zingatia jambo moja: jambo kubwa la biashara lilipelekwa kwa wenye mali, nao wakajibu, na jibu lao likafuatwa.

Huko Japani, mwaka 1965, akina mama wapatao 200 wa Tokyo waliungana kununua chupa 300 za maziwa kwa bei ya pamoja. Kutoka hapo ulizaliwa ushirika wa Seikatsu. Majirani wachache walifanya kikundi, wakaagiza pamoja na kugawana mlangoni kwa mmoja wao. Baadaye wanawake wengi walipoingia katika ajira hapakuwa na mtu nyumbani wa kupokea na kugawa mzigo, ndipo ushirika ukaanza kuwafikishia wanachama mizigo mmoja mmoja. Waliona kwamba maisha ya mwanachama yamebadilika, nao wakabadilika pamoja naye. Duka letu la saa mbili hadi saa kumi halikufanya hivyo.

HAPA KWETU

Nasi tuna historia yetu. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, iliagizwa kwamba maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe na nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondolea mwananchi mlanguzi. Lakini mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijawa na bidhaa, usafiri wala mtunza vitabu, na watu wakakosa chumvi na mafuta ya taa. Zoezi likasimamishwa. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982.

Jambo hili halina maana kwamba Mtanzania hawezi ushirika. Wapandaji kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925. Lina maana kwamba duka lililoletwa kwa agizo hupata wateja, halipati wenyewe. Watu wa Rochdale walitoa peni zao kwa hiari, ndiyo maana walikuwa tayari kuvumilia kuzomewa.

UULIZE NINI KABLA YA KUTOA HISA

Nikiyatazama hayo yote naona jibu la swali letu. Saa za kufungua, mtindo wa rafu, ununuzi wa jumla kwa pamoja, malipo kwa simu, meneja aliyesomea kazi yake: hayo yote duka la ushirika na liyaige bila haya, na liyaige upesi. Lakini mizani, kura na kusomwa kwa hesabu visiguswe, maana vikitoka hivyo linabaki duka dogo kama mengine, tena lisilo na mwenyewe wa kulilinda usiku.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wafanyakazi wenzako wakikujia na fomu ya duka la ushirika, usikimbie, wala usitie sahihi kwa aibu ya kirafiki. Waulize haya:

Kwanza, duka litafunguliwa saa ngapi, na je, wewe na mwenzio mtakuwa mmetoka kazini?

Pili, litanunua wapi bidhaa za jumla, na je, limeungana na maduka mengine ili kupata bei nzuri?

Tatu, litaanza na bidhaa ngapi? Rochdale walianza na chache, Migros na sita. Anayekuahidi kila kitu siku ya kwanza ana haraka.

Nne, je, litauza kwa mkopo? Huruma ya mkopo imeua maduka mengi, nayo humuua mkopaji pia.

Tano, hesabu zitasomwa lini, na nani, na kama mtunza vitabu ni mgonjwa nani atazisoma badala yake? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha ujiulize wewe mwenyewe swali la sita: nitahudhuria mkutano? Mimi sikuwa nimehudhuria mkutano hata mmoja kabla ya ule ambao hesabu hazikusomwa. Hata siku ile, tulipoambiwa kwamba mtu wa vitabu anaumwa, tuliitikia kwa makofi, tukanywa soda, tukaenda zetu nyumbani. Kila ninapoiona stakabadhi ile sandukuni nakumbuka makofi hayo, na mawili kati yake yalikuwa yangu.